Malkia Ghorofani

Acha nianze na aibu yangu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini sasa niko kazini, nimekata magauni ya maharusi bila hata kuchora chaki, na huu ni mwaka wa pili sioni vitu vya karibu. Uzi naupitisha kwenye sindano kwa kupapasa. Hakuna aliyekuwa anajua, hata mume wangu, ambaye kwa kweli hajui hata soksi zake zinakaa wapi.

Siri hiyo isingemdhuru mtu kama nisingekuwa na mzinga wa nyuki. Uko ua wa nyuma, kati ya tangi la maji na ukuta, hatua kumi na mbili kutoka dirisha la wifi yangu. Nyumba ni yake. Mimi na kaka yake tunakaa vyumba viwili vya nyuma, na tunakaa kwa amani, ila mwaka jana nyuki walibanana mle ndani mpaka nusu yao wakahama, na badala ya kwenda zao mbali wakaning'inia kwenye dirisha lake siku mbili, wingi wa kujaza ndoo. Wifi alilala kwenye kochi. Siku ya tatu walipoondoka hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Wakihama tena, mzinga unatoka." Nami kwa kiburi changu nikamjibu kwamba wakihama tena nitautoa kwa mikono yangu miwili. Mdomo uliponza kichwa.

Naupenda ule mzinga, nisizunguke. Kutwa nashona vya watu, kwa vipimo vya watu. Pale nyuma ya tangi ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniambia punguza hapa, ongeza pale.

Basi msimu wa maua ulipofika, nyuki wakaanza kulala nje mlangoni kwa kukosa nafasi, nikajua siku imefika. Dawa ya kubanana inajulikana: unaongeza sanduku la pili juu ya la kwanza. Nikachagua Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limechangamka na nyuki wengi wako kazini. Mume wangu alijifungia ndani akasema anasikiliza taarifa ya habari. Redio haina betri tangu mwezi uliopita.

Wifi, yeye, akatoka. Alivaa kofia yangu ya akiba yenye wavu, koti lake jeupe la kazini, na soksi juu ya suruali. Anafanya kazi maabara, kutwa jicho liko kwenye hadubini akitafuta vijidudu kwenye matone ya damu.

"Umekuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kushuhudia. Kwetu jibu halitoki mpaka mtu ameona."

"Utaona. Simama hapo, usipungepunge mikono."

Nikapuliza moshi mlangoni, nikangoja kidogo, nikapuliza tena. Nikabandua mfuniko kwa patasi. Gundi ya nyuki iliyoushika ililia kwa nguvu, na harufu ya nta ikapanda. Fremu zote kumi, zile mbao zinazobeba masega, zilikuwa zimefunikwa na nyuki huku na huku, hakuna pa kuweka kidole. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Mikono haijawahi kuniangusha.

Nikamweleza wifi kila hatua, maana nikifanya kazi vizuri napenda isikike. Sanduku jipya likikaa tupu juu, nyuki watalidharau. Kwa hiyo unapandisha fremu mbili zenye majana, yaani watoto wao, na nyuki walezi watawafuata wenyewe. Katikati ya masanduku unaweka wavu wa chuma. Nyuki wa kawaida wanapita, malkia mnene hapiti, anabaki chini kutaga. Kosa moja tu hutakiwi kufanya: usimpandishe yeye pamoja na watoto.

Nikainua fremu ya kwanza, nikaielekeza juani, nikaigeuza taratibu kama mtu anayeona. Nilichoona ni kahawia inayotembea. Ya pili vilevile. "Malkia hayupo hapa," nikatangaza. "Wala hawana dalili ya kuhama." Nikazipandisha zote mbili kwenye sanduku jipya, nikajaza mapengo ya chini kwa fremu mpya, nikatandaza wavu, nikaweka sanduku juu. Kazi safi. Nikashika mfuniko.

"Nionyeshe malkia," wifi akasema.

"Yuko chini. Nimemwona."

"Mimi sijamwona."

"Wifi, nyuki hawapendi kufunguliwa-funguliwa."

"Nionyeshe, nami nitaingia ndani nikanywe chai."

Ningefanyaje? Nikashusha sanduku, nikaondoa wavu, tukaanza. Mimi nainua, yeye anatazama. Mwanzoni alisimama mbali, shingo ndiyo imekuja mbele. Kufika fremu ya tatu pua yake ilikuwa karibu kugusa nyuki. Alisahau kuogopa, nilimwona alivyosahau. Mtu akikutana na kazi anayoijua, woga unakosa pa kukaa. Alianzia kona ya juu, akashuka mstari kwa mstari, kwa subira ambayo mimi sina. Fremu nane zikaisha.

"Hayupo," akasema.

"Yupo. Anajificha."

"Na zile mbili ulizopandisha?"

"Huko hawezi kuwa. Nimezikagua."

Akalisogelea lile sanduku jipya. Akainua fremu mwenyewe, kwa vidole vyake, akaielekeza juani. "Huyu mrefu hapa ni nani? Na hivi vilivyoning'inia kama maganda ya karanga? Hata kule chini vipo."

Nikaelewa papo hapo. Yale maganda ya karanga ni vyumba vya kulelea malkia wapya. Vikionekana, malkia mzee yuko njiani kuhama na nusu ya watu wake. Nilikuwa nimempandisha ghorofani nikamfungia na wavu, na nimesema hakuna dalili wakati dalili zilikuwa kwenye viganja vyangu.

"Wifi," akasema, "unaona ninachokushikia?"

Ningeweza kusema jua limenipiga machoni. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini nilimtazama amesimama pale na nyuki ishirini wanatembea kwenye mkono wa koti lake, ameshika fremu yangu vizuri kuliko mimi, nikaona haya kwelikweli.

"Sioni," nikamwambia. "Tangu mwaka jana. Na mwaka jana nilikagua nikakwambia hakuna kitu. Inawezekana hivi vyumba vya malkia wapya vilikuwepo. Balaa la dirishani kwako nililileta mimi, si nyuki."

Akairudisha fremu sandukuni taratibu. Nilijua nimempa sababu zote za kuutoa mzinga, hana haja ya kungoja wahame. Nikawa nalia ndani ya kofia, na ndani ya kofia ile huwezi kufuta pua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema hatimaye. "Haya, fundi. Sasa wanatibiwaje?"

Hapo nikarudi kuwa mimi. Nikamwambia nafasi peke yake haitoshi tena, wameshaamua kuhama. Dawa ni kuwafanyia ile safari sisi wenyewe. Malkia tayari yuko kwenye sanduku jipya, kosa langu limeshafanya nusu ya kazi. Tukabomoa maganda yote kwenye fremu yake. Tukamwongezea fremu ya asali na mbili za walezi, tukabeba lile sanduku hatua nane mpaka ukuta wa pili, mbali zaidi na dirisha, tukaliweka juu ya ubao na kulifunika. Kule kwenye mzinga wa zamani wifi akahesabu maganda matano, akachagua moja lililonyooka kwa ajili ya malkia mpya, mengine nikayakata. Yeye ananielekeza, kushoto, chini kidogo, hapo, nami nakata. Hatukukosea hata moja.

Tulipovua kofia alikuwa amelowa jasho mpaka nywele. Akatazama mizinga, mmoja huku, mmoja kule. Alitoka ndani tayari kuufukuza mmoja, sasa ana miwili.

"Nilisema wakihama mzinga unatoka," akasema. "Hawajahama. Tumewahamisha."

"Ndiyo, wifi."

"Tunakagua tena lini?"

"Baada ya siku saba."

"Nitakuwepo." Akaanza kuvua soksi, mguu mmoja ukutani. "Ila nisikilize vizuri. Siku utakayonidanganya tena, utakayetoka ni wewe. Nyuki watabaki."