Wapangaji wa Papa Kambere

Vita ilipomfukuza kijijini kwake Kalengera, Emerance alifika Goma na watoto wawili. Papa Kambere akampa pembe ya kiwanja chake katika mtaa wa Katoyi, naye akafunga turubai, akapanda maharage kati ya mawe ya volkano.

Kisha ikavuma habari kwamba petroli imeonekana huko kaskazini. Kambere akaja amevaa koti zito na tai.

"Mama, utoke. Wazungu wa petroli watapanga hapa."

"Wamekuambia wao wenyewe?"

"Mutu wa akili hangojei kuambiwa."

Emerance akahamia uani mwa kanisa, ng'ambo ya barabara. Toka hapo aliwaona vijana wenye diploma wakijipanga kila asubuhi mlangoni kwa Kambere, jirani na kile kiwanja, kwa sababu alijigamba kwamba yeye ndiye atakayechagua wafanyakazi. Walimletea kuku. Alikula kuku, akaandika majina yao kwenye daftari. Mzungu mwenyewe hakuna aliyemwona. Wasomi wazima, Emerance aliwaza, wanamnyenyekea mpumbavu, naye mpumbavu anaunyenyekea uvumi. Hakuwahurumia hata kidogo.

Mwaka ukaisha, kampuni haikuja. Walikuja askari, wakapiga kambi katika kile kiwanja kitupu. Kambere akamfuata Emerance pale kanisani.

"Rudi, mama. Wakiona watu wanaishi pale, pengine watatoka."

Emerance aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Mimi nimeshakimbia askari wa kwetu, papa. Hao wako, uwapangishe."

Emerance hakumkaribisha kiti.