Miti Iliyong'olewa Oktoba

Siku ya tatu ya tufani Ardis Hovland aliacha kuchungulia dirishani. Theluji ilikuwa imepanda mpaka juu ya kioo cha jikoni, na njia ya kutoka uani kwenda barabara kuu ilikuwa imezibwa na tuta refu kuliko trekta. Mumewe Lowell alikuwa kitini, miguu imemvimba hata imebidi soksi zikatwe kwa mkasi. Figo zake zilikuwa zimekufa miaka miwili iliyopita, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilikuwa lazima apelekwe mjini, maili ishirini na nane, akasafishwe damu. Jumatatu ilikuwa imekwisha kumpita. Leo ni Jumatano, saa nne asubuhi, na upepo bado unavuma.

"Una hasira," Lowell alisema.

"Naosha vyombo tu."

"Unavipiga."

Alikuwa na hasira kweli, na hasira yenyewe ilikuwa na jina: Gaylen, mdogo wake, tumbo moja. Mwaka aliozaliwa Ardis, miaka sitini na saba iliyopita, mama yao alipanda safu sita za miti upande wa kaskazini-magharibi wa nyumba, akaimwagilia kiangazi kizima kwa madebe ya maziwa. Katika kaunti ile tambarare upepo wa baridi hutokea upande huo, na kutoka Kanada mpaka mlangoni kwako hakuna hata kichuguu cha kuuzuia. Miti ndiyo iliyouzuia. Ilipokomaa, theluji ilimwagika pale mitini ikabaki palepale, na kwa zaidi ya miaka arobaini nyumba ikakaa kwa amani.

Lakini mpaka wa mashamba ulipita upande wa huku wa miti, na shamba la ng'ambo lilikuwa urithi wa Gaylen. Huyo bwana aliona majira matatu ya baridi mfululizo yasiyo na makali, akaamua kwamba baridi imezeeka. Mtu mzima, mzaliwa wa pale, aliyekula theluji ya pale tangu utotoni. Oktoba akaleta katapila, akaing'oa miti yote kwa siku mbili, akaitia moto, ili apate nafasi ya kuongeza mistari thelathini ya soya.

Na Ardis alifanya nini? Alisimama mpakani, moshi unamwingia machoni, akasema, "Haya. Panaonekana tofauti." Kwao ndivyo watu wanavyogombana. Kisha akarudi ndani akamletea mdogo wake kahawa ya moto na biskuti mbili. Hiyo kahawa ndiyo iliyokuwa ikimkereketa sasa kuliko hata miti.

Kwenye saa saba upepo ulilegea, trekta likasikika. Huko mwenye mashine ya kurusha theluji hazibui njia yake peke yake. Huzibua na ya jirani, haombwi wala hashukuriwi, ila hunyweshwa kahawa. Gaylen alilichimba lile tuta kwa saa mbili, akaingia jikoni ndevu zimeganda, akavuta kiti chake cha siku zote.

"Leo baridi imeamua," alisema. "Tuta kama hili sijaliona tangu tukiwa wadogo. Kahawa ipo, Dada?"

"Ipo," Ardis alisema, na hakuondoka aliposimama.

Gaylen alilitazama birika, akamtazama dada yake, kisha akamwona Lowell. Tabasamu likamfutika usoni. "Shemeji, mbona umekuwa hivyo?"

"Najaa maji, bwana," Lowell alisema, akihema kila neno. "Kama buti lililotoboka."

"Tufani mbaya hii, Dada. Sasa tufani utamlaumu nani?"

"Tufani simlaumu mtu. Tuta nakulaumu wewe." Ardis alipandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya ndugu yake. "Mama alibeba maji yale akiwa amenibeba mgongoni. Wewe umepata mistari thelathini ya soya. Mtazame mume wangu, uniambie kama inatosha. Na mimi mpumbavu nikakuletea biskuti."

Gaylen alivua kofia, akaigeuzageuza. "Ungesema," alisema taratibu. "Ile Oktoba. Ungesema neno moja tu, ningezima mashine. Nilikuwa nakusubiri useme."

Neno hilo lilimchoma Ardis kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimzidishia hasira.

"Basi nasema sasa. Mbebe."

Gaylen alimbeba shemeji yake mpaka garini, kisha akatangulia na trekta, akichimba kila palipozibwa, Ardis akifuata nyuma yake polepole. Upepo ulikuwa umeishindilia theluji mpaka ikawa ngumu kama udongo wa tanuri. Walifika mjini usiku umeingia. Hospitalini muuguzi alimtazama Lowell mara moja tu, akampitisha mbele ya wote. Baadaye akamwambia Ardis kwamba moyo umeumia na hautarudi ulivyokuwa. Siku moja zaidi, na wasingekuwa na la kufanya.

Gaylen alikuwa amekaa ukumbini, maji ya theluji yanamchuruzika miguuni. "Majira ya kuchipua nitaipanda tena," alisema. "Safu zote sita."

"Panda. Itachukua miaka ishirini kufika kimo cha kuzuia kitu. Mimi nitakuwa na miaka themanini na saba, na Lowell hatakuwepo." Ardis alifunga koti lake. "Mpaka hapo miti ni wewe."

Machi redio ilitangaza tufani nyingine. Alhamisi mchana, kabla upepo haujaanza, trekta liliingia uani bila kuitwa, likaegeshwa kando ya ghala, uso umeelekea barabarani. Gaylen alishuka na mfuko wa nguo na blanketi. Ardis alimfungulia, akamwonyesha kiti. Alimimina kahawa kikombe cha Lowell, akamimina na chake mwenyewe, akalirudisha birika jikoni.

 Gaylen alifungua mfuko, akatoa chupa ya kahawa aliyoileta kutoka kwake.