Sauti Moja Kanisani

Theluji ilikuwa bado imelala kandokando ya uwanja wa kanisa, na Marit usoni alikuwa na rangi ya jua la Honduras. Kila aliyepita alimuuliza, "Vipi safari?" na kabla hajafungua kinywa, mtu ameshageukia mwingine.

Alikwenda na vijana wenzake wa kanisa kujenga darasa, wakarudi upesi. Lakini kule, kila alfajiri, mama mwenyeji alimshika mkono, na nyumba nzima ikaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kama mvua juu ya bati. Marit, aliyelelewa kuomba kimoyomoyo, alijisikia anasikilizwa. Sasa yuko kwao Minnesota, na kila akipiga magoti peke yake chumbani, maneno yanamkaukia. Je, imani ameisahau kule, kama mtu anavyosahau kandambili?

"Tuombe," mchungaji akasema ibada ilipoanza.

Vichwa vikainama, kimya. Marit akafumba macho, mdomo ukamtoroka. "Ee Baba, asante kwa pumzi ya leo, asante kwa..." Alikwisha kufika mbali ndipo akasikia: ni sauti yake pekee. Akaikata sala katikati. Mtoto akacheka. Mchungaji akakohoa.

Baada ya ibada, ukumbini penye kahawa na viazi vya kuoka na jibini, rafiki yake Kirsten akampiga kiwiko.

"Mama mchungaji! Tukuletee kipaza sauti?"

"Niache bwana."

"Nakutania, shoga. Hilo joto la safari tu. Mimi mwaka jana nilirudi nalia kila wimbo. Mpaka Pasaka, kwisha! Na wewe litakutoka."

Hilo hasa ndilo aliloliogopa. Akachukua koti lake.

Mlangoni Bi Verna, mjane wa kiti cha nyuma, alikuwa akihangaika na vifungo vya koti. Marit alimwona kila Jumapili, asimuulize hata hali. Kule Honduras alijua mpaka majina ya mbwa.

"Ni wewe uliyeomba?"

"Nisamehe, Bi Verna. Nilijisahau."

"Nikusamehe nini? Tangu nimzike mume wangu, nyumba yangu imekuwa bubu, mwanangu. Halafu sala yenyewe umeikatia njiani."

Marit akamfungia vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. "Twende kwako tukaimalizie?"

"Kahawa yangu chungu, nakwambia mapema." Bi Verna akamshika mkono. "Na nani ataanza?"

"Hakuna wa kuanza," Marit akasema. "Tunaomba wote pamoja."