Pilau Ng'ambo ya Barabara

Hoda aliuza anjera, ile mikate myembamba laini ya Kisomali, na chai ya maziwa ya ngamia kwenye gari jeupe lililokatwa dirisha ubavuni. Ng'ambo ya barabara, karibu na soko la mifugo la Isiolo, Wario aliuza pilau nyuma ya pikapu ya kijani. Miaka miwili walishindania wateja bila hata salamu. Hoda akiwasha redio, Wario aliwasha yake kwa sauti zaidi.

Kisha ikaja harusi katika mji wa Merti. Upande wa bibi harusi ulimwita Hoda, upande wa bwana harusi ukamwita Wario, na hakuna aliyeambiwa habari ya mwenzake. Walikutana barabarani baada ya Ngaremara, wakaanza kufukuzana. Kwenye mto mkavu pikapu ikazama mchangani. Hoda akapita akipiga honi kwa furaha.

Mbele kidogo furaha ikamwisha. Aliwaza jua lile, na mtu peke yake. Akageuza gari.

Wario alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele.

"Umerudi kunicheka?"

"Nimeshakucheka. Leta sufuria zako."

Pikapu wakawaachia wachungaji waliokuwa karibu. Ndani ya gari la Hoda iliki ilichanganyika na bizari. Nje, joto lilitetemesha mbuga yote, na ngamia walipita kwa mbali kana kwamba miguu yao haigusi ardhi. Hoda alishangaa kujikuta akiomba Merti isogee mbali kidogo.

Walipofika, Madina, shangazi wa bibi harusi, aliwaonyesha jiko moja. "Bwana na bibi, mtapikia hapa."

Hakuna aliyemsahihisha.

Wario alikata vitunguu, Hoda akamimina rojo la unga kwenye kikaango. Anjera ya kwanza Wario aliila ikiwa bado moto, macho ameyafumba.

"Miaka miwili nainusa tu," alisema.

"Nani alikukataza kuvuka barabara?"

"Macho yako."

Hoda alicheka mpaka anjera ya pili ikaungua.

Mwezi uliofuata wazee wa Wario walifika nyumbani kwa kina Hoda kuposa. Hoda alisimama nyuma ya pazia. Baba yake alishika ndevu kwanza.

"Kijana namjua," alisema mwishowe. "Pilau yake nimeila kila Ijumaa. Ila tafadhali, binti yangu asijue."

Pazia likaanza kutikisika kwa kicheko.