Picha Hata Moja Haitoki

Huwaida aliapishwa mlangoni, kabla hata hajavua viatu. Hakuapishwa kwa mzaha, na yeye hakuapa kwa mzaha. Bibi Safa, nyanya yake bibi harusi, alikuwa amekaa kitini penye mlango wa ukumbi wa wanawake, bakora mapajani, akamkagua mgeni kuanzia chini mpaka ushungi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha wa kutoka Samad? Hiyo kamera iko wapi, mbona siioni?"

Huwaida akaitoa mfukoni mwa abaya. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani. Bibi akakigeuza huku na huku.

"Hichi nacho kamera au kiberiti?"

"Kamera, Bibi. Tena ya maana."

"Haya. Sikiliza, mwanangu. Humu ndani wanawake watavua mabuibui, watacheza, watafungua nywele. Simu zote zinabaki kwa Kuruthum hapo." Akamwonesha kwa bakora mtumishi wa nyumba, mwanamke wa Tanga aliyekaa na kapu kubwa lililojaa simu, kila moja imefungwa karatasi ya jina. "Yako pia itie. Na uniapie picha hata moja haitoki humu."

"Wallahi, Bibi. Zinabaki kwenye kadi, na kadi nampa Raghad mkononi mwake."

Raghad ndiye bibi harusi. Basi Huwaida akatia simu yake kapuni, akaingia.

Na kwa kazi ile, niseme kweli, hakuna kamera iliyo bora kuliko kale kadogo. Zile kubwa zenye mdomo mrefu, ukinyanyua moja tu ukumbi mzima unakakamaa, kinamama wanaacha kucheza, kila mmoja anavuta nguo yake. Hii haina hata sauti ya kubofya. Watu wanaisahau. Lenzi yake inapokea mwanga mwingi, taa zikipunguzwa bado inaona, na kile kijisahani cha kunasa picha ndani yake ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha simu, kwa hiyo uso wa mtu unatoka na rangi yake Mungu aliyompa. Lakini kasoro zake nazo Huwaida alizijua kama anavyozijua za mdogo wake Hazim. Lenzi ni hiyo hiyo, haibadilishwi, ukitaka uso wa mtu umfuate alipo. Mchanga ukishaingia ndani hautoki mpaka fundi aifungue. Na betri, eh! Betri ukubwa wa biskuti, picha mia mbili na hamsini na imekufa. Ndiyo maana alibeba tatu.

Ngoma zikaanza. Wapigaji walikuwa kinamama wanne wa Sur, na mmoja wao ana sauti ya kupasua ukuta. Huwaida akapita baina ya watu kama hayupo. Akampiga picha Raghad anacheka, Raghad anafungwa mkufu, Raghad na marafiki zake wamekumbatiana nywele wazi. Mama mkwe, Bi Shaikha, aliyekuja na jamaa zake kutoka Nizwa, alikaa mbele kabisa na dhahabu yake, akimtazama mke wa mwanawe kama anayehesabu meno yake.

Kisha Raghad akamvuta Bibi Safa jukwaani. Watu wakashangaa. Bibi huyu hajapigwa picha tangu ile ya pasipoti, na hiyo alipigwa kwa kugombana. Raghad alifiwa na mama yake akiwa mchanga, Bibi ndiye aliyemnyonyesha kwa chupa na kumsomesha, na leo usiku huu anahamia Nizwa kwa mume. Akamwambia kitu sikioni. Bibi akatikisa kichwa, akatikisa tena, mwisho akauvua ushungi mwenyewe, nywele nyeupe tupu, akaweka shavu lake kwenye shavu la mjukuu.

"Haraka basi, kabla sijapata akili!" akasema.

Huwaida akapiga tatu. Ya tatu Bibi alikuwa anacheka kwa ufizi wote, na Huwaida mwenyewe machozi yakamlenga. Picha kama ile mpiga picha huipata mara moja katika mwaka, akiwa na bahati.

Hapo betri ikafa.

Huwaida akatia ya pili bila kuwaza. Lakini alipofika picha ya arubaini na moja, alama ya betri ikashuka nusu. Akasimama. Ile ya kwanza imekufa na picha ngapi? Akahesabu: mia moja na kumi. Mia moja na kumi tu! Na kamera yenyewe ilikuwa ya moto mkononi, moto kama imeachwa juu ya bati. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi mpaka watoto wanajifunika. Sasa moto huu umetoka wapi?

Akajisogeza kwenye kona nyuma ya pazia, akakitazama vizuri kioo cha nyuma. Juu kabisa, pembeni, palikuwa na mshale mdogo wa buluu unawakawaka, na tarakimu ubavuni mwake. Mia moja na hamsini na moja.

Huwaida hakuuelewa mara moja. Kisha akauelewa.

Ijumaa iliyopita Hazim aliiazima kamera kwenda nayo mnada wa mbuzi Nizwa. Alikuwa na beberu wake wa kuuza, na wanunuzi wake wengine wako mbali, wanataka kuona. Akaiunga kamera na simu yake, kila akipiga, picha inaruka yenyewe mpaka kwenye simu. Raha tupu. Alimsifia hata dada yake jambo hilo aliporudi. Kuunga aliunga. Kutenga hakutenga, na Huwaida hakuuliza. Na Hazim huyo huyo ndiye aliyemleta leo kwa gari, na sasa amekaa kwenye majilisi ya wanaume, nyuma ya ukuta huu huu, hatua kumi kutoka jukwaani, simu yake mfukoni.

Raghad nywele wazi. Marafiki zake. Bibi Safa bila ushungi. Wote wako majilisini!

Akaizima kamera, akaing'oa na betri yake. Akatoka mlangoni, akamkuta Kuruthum na kapu lake.

"Kuruthum, nipe simu yangu, mdogo wangu. Dakika moja."

"Hapana, dada. Bibi kaniapisha. Mpaka mtu awe anaondoka."

"Basi nifanyie hisani. Nenda mlango wa majilisi, sema Hazim aliyekuja na gari jeupe anaitwa na dada yake. Sasa hivi. Mwambie aje na simu yake."

Kuruthum akamtazama usoni, akaliacha kapu, akaenda bila kuuliza. Huwaida alisimama nje karibu na magari. Adhana ya isha ilikuwa inaadhiniwa, na yeye akawa anasoma kila dua aliyoikumbuka, na nyingine akizichanganya. Ikiwa Hazim ameipitisha simu kwa jirani yake? Ikiwa ameiweka mezani, uso juu, na picha zinamiminika mbele ya wajomba wa bwana harusi?

Hazim akatokea, kanzu imekunjika, kikombe cha kahawa bado mkononi.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Simu yako. Fungua."

Akaifungua. Akaangalia chini, kisha akatazama pembeni, na Huwaida akajua.

"Umeona," akasema.

"Moja. Simu ilitetemeka, nikadhani watu wa mbuzi wamenijibu. Nikaona mtu anacheza, mgongo tu, wallahi, nikaifunga hapo hapo. Nikasema nitakuuliza njiani."

"Nani alikuwa ubavuni mwako?"

"Mzee mmoja, amesinzia tangu magharibi. Hakuona mtu, dada. Naapa."

Huwaida akaichukua simu, akazifuta zote mia moja na hamsini na moja, akaingia na kule zinakolala zilizofutwa, akazifuta tena. Akaitenga kamera na simu ile. Akatazama mara tatu. Hakuna kitu.

"Khalas," akasema Hazim. "Imekwisha. Nani atajua?"

Ndiyo hiyo sasa. Nani atajua? Huwaida alisimama na swali hilo. Akinyamaza, hapana atakayejua. Akisema, kazi yake imekufa. Miaka minne ameijenga nyumba kwa nyumba, Samad, Ibra mpaka Qalhat, na haikujengwa kwa uhodari wa picha, maana wahodari wapo. Imejengwa kwa neno moja tu, kwamba kwa Huwaida picha haitoki. Lakini mtu ataapaje tena mlango wa pili, na kiapo cha mlango wa kwanza kimemkaa kooni? Alijijua. Akikaa kitako hata dakika mbili, atanyamaza.

Basi hakukaa. Akarudi ndani mwendo wa haraka. Raghad akamwona, akamwinulia mkono kutoka jukwaani, akajiweka sawa apigwe picha. Huwaida akampita. Akaenda moja kwa moja kwa wapiga ngoma, akamnyang'anya yule mwenye sauti maikrofoni yake.

"Mama zangu," akasema, na ngoma zikanyamaza moja moja. "Nimeapa mlangoni, na kiapo changu kimevunjika. Kamera yangu ilikuwa imeungwa na simu ya mdogo wangu, na mimi sikujua. Picha zenu zimefika kwenye simu yake. Ameona moja. Zote nimezifuta kwa mkono wangu, lakini zilitoka. Nisameheni."

Lo! Ukumbi mzima ukavuta mabuibui kwa pamoja. Mmoja akapiga ukelele, mwengine akaanza kulia. Bibi Safa aliushika ushungi wake kwa mikono miwili kifuani.

Aliyesimama ni Bi Shaikha. Huwaida alijikaza asubiri matusi.

"Allah akulipe kheri, binti," akasema mama mkwe, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Wangapi wangenyamaza! Sasa kila mwanamke aje aoneshwe picha yake, aseme ibaki au ifutwe. Na za mke wa mwanangu zifutwe zote. Zilizokwisha kutoka nje sizitaki nyumbani kwangu."

Wakapanga mstari. Huwaida akatia betri ya tatu na kuketi kwenye ukingo wa jukwaa, wao wakainama mmoja mmoja kwenye kioo kidogo kile, wengine wakikisogeza na kukitenga maana macho hayaoni. Futa. Acha. Hii futa, hii acha, nimependeza. Na jambo la ajabu, kila aliyemaliza alimpigapiga begani. Mkweli, wakasema. Huyu ndiye wa kuitwa. Bi Shaikha mwenyewe akamwomba namba yake ya simu, binti yake Arwa anaolewa Nizwa mwezi ujao, na yeye hataki mpiga picha mwengine. Huwaida akaitaja namba, na pumzi ikamrudi. Alikuwa hajapoteza kitu. Alipata hata aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Raghad akaja wa mwisho. Akaketi karibu naye na gauni lake zito, akaichukua kamera mwenyewe, akaanza kupitisha. Anacheka. Anafungwa mkufu. Akafika kwa Bibi Safa, shavu kwa shavu, ufizi wote nje, akasimama hapo. Mama mkwe alikuwa amewasimamia kwa juu.

"Bibi hatokaa tena mbele ya kamera," akasema Raghad, chini kwa chini, asisikike ila na Huwaida. "Baada ya leo, hatokaa."

"Samahani, Raghad. Wallahi samahani."

"Ungeniambia mimi peke yangu. Za simu umeshazifuta. Tungenyamaza, mimi na wewe, na hii ningekuwa nayo."

"Niliapa."

"Ulimwapia Bibi. Picha zilikuwa zangu."

Akabonyeza. Kamera ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena, na ya pili, na ya tatu. Kisha akamrejeshea Huwaida kamera yake, akajipangusa chini ya macho kwa ncha ya kidole, taratibu, wanja usichuruzike, akainuka kumfuata mama mkwe wake.