Mwalimu wa Kwenye Kioo

"Usitikisike, bwana. Sikio halina spea," kinyozi alimwambia mteja, ingawa aliyetikisika ni yeye mwenyewe. Ndani ya kioo kilichokuwa mbele yao, mwalimu wa televisheni alikuwa amefuta ubao na kuanza herufi mpya.

Televisheni ilitundikwa kwenye ukuta wa nyuma, juu ya benchi, ili anayenyolewa aione kiooni bila kugeuza shingo. Kila siku saa kumi jioni kilianza kipindi cha kisomo cha watu wazima. Kinyozi, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alikodolea kioo macho huku mikono ikiendelea na kazi. "Ndugu mtazamaji, hujachelewa," mwalimu alisema kila mara, naye alimjibu kimoyomoyo: haya, mama. Kugeuka hakuthubutu. Wembe ulikuwa shingoni mwa mtu, na zaidi ya wembe ilikuwepo aibu, kwa sababu mtaa mzima ulidhani analisoma lile gazeti alilolikunjua kila asubuhi.

Kwa miezi mitatu alichora herufi kwa kidole kwenye povu lililobaki bakulini. Nyumbani alijaza madaftari mawili, akayaficha chini ya godoro. Kilichomchanganya ni dunia. Mabango ya barabarani yalikuwa na herufi zilezile, lakini nyingi zilimpa kisogo. Alisimama mbele ya duka la dawa, akalitazama bango lake mpaka kichwa kikamzunguka. Labda yapo maandishi ya ndani na ya nje, alijiambia, kama viatu, cha kushoto na cha kulia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na wateja.

Sababu ya taabu yote hiyo ilikuwa binti yake wa pekee, aliyekaribia kufunga ndoa kwa msajili. Ripoti zake zote za shule zilikuwa na dole gumba la baba, jeusi tii, na siku moja alirudi nyumbani akilia kwa kuchekwa. Kinyozi hakuisahau siku hiyo.

"Safari hii dole langu litakaa mfukoni," alimwahidi. "Nitaandika jina, mwanangu. Wakwe zako waone."

Siku ikafika. Ofisi ya msajili ilikuwa na meza moja, kitabu kikubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Karani alimwonyesha mstari wa baba wa bibi harusi. Kinyozi alikohoa, akaanzia kulia, akaandika kwenda kushoto bila kusita hata mara moja. Alipomaliza alijiona mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Karani aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mzee, hii ni lugha gani?"

"Lugha gani tena? Hilo ni jina langu."

"Hili si jina. Hili ni..." Karani akasogeza pedi ya wino. "Weka dole tu, mzee wangu, tumalize."

Mama wa bwana harusi alijikohoza. Kinyozi alisikia joto likimpanda mpaka masikioni. Alilitazama tena jina lake, akaliona zuri, kila herufi imekaa kama ilivyofundishwa. Sasa kosa liko wapi? Au yule mama wa televisheni alikuwa akiidanganya nchi nzima?

Binti alisogea. Aliuinua ukurasa, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa nyuma. Midomo yake ilicheza. Kisha akalisoma jina la baba yake kwa sauti, lote, pamoja na la babu.

"Baba, umejifunzia wapi?"

"Kwenye televisheni. Kule kazini."

"Ukiwa umekaa wapi?"

"Nikae saa ngapi na mteja ninaye? Nasimama, natazama kiooni."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwogopesha. Miaka thelathini alikuwa amekiamini kioo kile, na hakuwahi kumkata mtu. Aliutazama mkono wake kama wa jirani.

"Kwa hiyo," aliuliza, naye alitaka jibu kweli, "nimejua au sijajua?"

Machozi yalimlengalenga binti. "Umejua, Baba," alisema, akaweka kidole mwanzo wa mstari mtupu uliofuata, upande wa kushoto. "Ila anzia hapa."

"Kuna watu wanangoja nje," karani alisema, akitazama saa ya ukutani.

Kinyozi alishika kalamu. Mkono ulikimbilia kulia wenyewe, akaurudisha. Alichora mstari mmoja wa kusimama, kisha akakwama. Tumbo la herufi lilikuwa upande gani? Alijua, halafu hakujua, halafu akajua mara mbili.

Mlango ukagongwa.

"Bado," binti alisema, bila kuondoa kidole.