Safu ya Mkono wa Pili

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuitenda. Mwanafunzi aliketi mbele ya kompyuta, katika chumba chenye harufu ya nyasi kavu na dawa ya kusafishia sakafu, akitazama video za sokwe wa kituo. Kila sokwe alipomwashiria mwenzake au mtunzaji, alijaza safu mbili. Ya kwanza: ishara imetolewa kwa mkono upi. Ya pili: mkono mwingine ulikuwa mtupu, au ulikuwa na kitu. Ukiwa na kitu, ishara hiyo haihesabiwi, kwa kuwa mnyama hakuwa na hiari ya kuchagua.

Alijaza kwa miezi mitano. Aliyeibeba kazi nzima alikuwa jike mmoja mzee aliyepewa jina la Shangazi, eti kwa sababu humkaripia kila mtu, hata anayemletea chakula. Shangazi aliomba, aliita na kufukuza, yote kwa mkono wa kulia: ishara mia mbili na kumi na mbili. Zilipojumlishwa na za wenzake, jedwali lilitamka bila kigugumizi kwamba kundi lile hupendelea mkono wa kulia. Daktari aliyemsimamia alikwisha kuanza kumwita "mtafiti mwenzangu". Tasnifu ilitakiwa Ijumaa.

Jumatano asubuhi, mtunzaji wa sokwe, mzee ambaye wote walimwita Ndoo kwa kuwa hakuonekana bila ndoo, alisimama nyuma ya kiti cha mwanafunzi.

"Binti, hapo unaandika nini?"

"Mkono wa kushoto, mzee. Naandika mtupu."

"Mtupu." Ndoo akaitua ndoo sakafuni, jambo la nadra. "Umewahi kuuangalia?"

Kwenye kioo cha kompyuta, Shangazi alikuwa amenyoosha mkono wa kulia kuomba. Wa kushoto ulikunjwa chini ya titi, kiwiko kimebana mbavu, kiganja kimeinuka kama bakuli.

"Amekunja tu, mzee."

"Kweli kusoma si kuona." Ndoo hakucheka. "Kabla hujaja, alizaa. Kitoto kikafa kina siku tisa. Akakibeba wiki tatu, mkono huo huo, mpaka kikakauka. Siku moja amelala, nikakichukua. Mimi, kwa mikono hii. Alipoamka hakupiga kelele, na wewe unamjua kwa kelele. Akakunja mkono, basi. Mpaka leo hajaukunjua."

"Lakini hana kitu."

"Kamwambie wewe. Mimi namwogopa."

Alianza upya, video ya kwanza. Sasa aliona alichokuwa akikitazama tangu mwanzo: Shangazi akipita mlango mwembamba kwa ubavu, asije akagonga alichopakata, Shangazi akifukuza nzi juu ya kiganja kisicho na kitu, sokwe mdogo akija kunusa, naye akampa mgongo.

Akampigia Daktari simu.

"Mwongozo unasema kitu," Daktari alijibu kwa upole. "Kitu kinachoonekana. Ukizitoa ishara hizo, hatuna matokeo. Usiniletee mizimu kwenye jedwali, mwenzangu."

Alirudi nyumbani mchana, kompyuta kwapani. Mama alikuwa jikoni akikoroga chungu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umekunjwa tumboni. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Mama mdogo alizoea kumtania, "Dada yangu birika, mkono mmoja wa kumimina, mwingine pambo," na nyumba nzima ikacheka, naye binti akacheka pamoja nao. Kulikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyeishi siku kumi na moja, wakati yeye hajatimiza miaka minne. Hakuna aliyemtaja.

Akatazama kiganja cha mama. Kimeinuka kama bakuli.

Hakujua kwa nini alifanya alilofanya. Alichukua sinia kubwa, akapanga juu yake vyombo vyote vya chakula, akalinyanyua.

"Mama, nipokee. Limenizidi."

"Ngoja, mwanangu."

Mama akaweka mwiko. Akageukia kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akainama taratibu, akaushusha mkono wa kushoto juu ya mto, kisha akakichomoa kiganja kidogo kidogo, kama mtu anayeutoa mkono chini ya kichwa cha aliyelala. Akarudi, akalipokea sinia kwa mikono miwili.

"Haya, lete."

Viti vilikuwa viwili. Binti alikula akiwa ameketi sakafuni, na mama hakumuuliza sababu.

Baada ya chakula alifungua jedwali. Kompyuta ingeweza kubadilisha mistari yote kwa mara moja, lakini alibadilisha mmoja mmoja: una kitu, una kitu, una kitu. Kwa kila mstari, matokeo yalififia. Alijua atakachoambiwa Ijumaa, akaendelea.

Alipofika wa mwisho, mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono umerudi mahali pake. Alimtazama Shangazi kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Wake ana siku ngapi?" akauliza.

"Tisa, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama wanavyofanya wanawake wanapokutana wamepakata.

"Wangu kamzidi mbili," akasema.